Paa la Feliti la Banda la Bustani

Paa la feliti ni paa la mbao lililofunikwa kwa feliti ya lami, yaani kitambaa kizito kilichoshibishwa lami na kunyunyiziwa chembe za mawe upande wa juu. Nchini Uingereza paa hili limezoeleka sana kwenye mabanda ya mbao yanayojengwa nyuma ya nyumba za watu na katika vishamba vya kukodi, ambamo huwekwa majembe, mbegu, baiskeli na mashine za kukatia nyasi. Feliti huchakaa mapema kuliko sehemu nyingine za banda, lakini ndiyo inayozikinga zote.

Aina. Feliti huuzwa ikiwa imeviringishwa, kwa kawaida yenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 8 au 10. Ya bei nafuu huweza kuhitaji kubadilishwa baada ya miaka 5 hivi. Yenye kiini cha poliesta haichaniki upesi na hudumu zaidi.

Chanzo cha uharibifu. Jua huikausha lami hadi ikakakamaa na kupasuka, hasa pale chembe za mawe zilipopukutika. Mbao nazo hutanuka na kusinyaa, misumari ikalegea, na upepo ukapata pa kushikia. Kuvumwani hushikilia unyevu juu ya feliti. Maji yakishapenya hutiririka kwenye ubao kabla ya kudondoka, hivyo tundu hutafutwa upande wa juu wa mteremko kuanzia penye doa.

Kutia kiraka. Penye ufa mdogo husafishwa na kuachwa pakauke, kisha hubandikwa kwa gundi ya lami kiraka kinachouzidi ufa kwa milimita 100 hivi kila upande. Feliti iliyotuna hupasuliwa kwa mkato wa msalaba, unyevu ukatoka, pembe zake zikagandishwa upya na kufunikwa kwa kiraka. Nyufa zikienea paa zima, viraka havifai tena.

Kuezeka upya. Feliti kuukuu huvuliwa yote. Kupigilia mpya juu yake huficha ubao uliooza, na huo ndio ugonjwa wenyewe wa paa. Kila ubao huchomwa kwa ncha ya bisibisi. Inapozama bila nguvu, ubao huo hubadilishwa.

Kazi hufanywa siku kavu isiyo na baridi kali, kwa kuwa feliti yenye baridi hupasuka inapokunjuliwa. Kipande cha kwanza hulazwa ukingo wa chini na kuachwa kining'inie milimita 50 hivi, ili maji yadondoke mbali na ukuta. Kinachofuata juu hukipanda cha chini kwa milimita 75 au zaidi, na maungio hupakwa gundi ya lami. Mwisho hulazwa kofia juu ya mgongo wa paa, ikishuka pande zote mbili. Misumari iwe iliyopakwa zinki, yenye kichwa kipana na urefu wa milimita 13 hivi, ikipigiliwa kila baada ya milimita 50 kwenye kingo na maungio. Msumari mrefu hutoboa ubao na kutokeza ndani, ukamjeruhi anayeingia.

Usalama. Paa la banda halikujengwa kubeba mtu. Fundi hufanya kazi akiwa kwenye ngazi iliyosimama imara, akisaidiwa na mtu wa pili. Uingereza ilikamilisha marufuku ya asbestosi mwaka 1999. Paa la kabla ya hapo, hasa la mabamba ya saruji, huweza kuwa na asbestosi, hivyo lisikatwe wala kuvunjwa kabla ya kupimwa.

Matunzo. Paa likaguliwe kabla ya majira ya baridi na kila baada ya dhoruba. Msumari uliolegea au ukingo ulioinuka hurekebishwa kwa dakika chache na gharama ndogo; ukiachwa, maji huozesha mbao, na kazi ya nyundo na gundi ikageuka kazi ya useremala.