Selimundu: kwa nini ndugu wawili hawaugui sawa?

Katika familia moja ya Karagwe au Kyerwa, watoto wawili wanaweza kuwa na selimundu, mmoja akaugua mara kwa mara na mwingine mara chache. Huo si uchawi, na si kosa la mama. Sababu mojawapo ni jeni walizorithi.

Jeni ya kwanza

Hemoglobini hubeba oksijeni kwenye damu. Mtoto hurithi nakala moja ya jeni ya selimundu kwa mama na nyingine kwa baba ndipo augue. Wazazi wenye nakala moja moja kwa kawaida hawaugui, lakini kila mimba yao ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Hesabu huanza upya kila mimba.

Jeni ya pili

Kwenye maeneo ya malaria, wengi hubeba pia thalasemia ya alfa, inayopunguza utengenezaji wa sehemu nyingine ya hemoglobini. Jeni yake iko kromosomu ya 16, ya selimundu iko ya 11, hivyo kila moja hurithiwa kivyake. Wazazi wote wawili wakibeba nakala moja ya kila hali, uwezekano wa mtoto kupata selimundu pamoja na nakala mbili za thalasemia ni 1 kati ya 16.

Zikikutana

Kwa mtoto mwenye selimundu, thalasemia hupunguza kuharibika kwa chembe nyekundu na hatari ya kiharusi. Maumivu si lazima yapungue.

Kwa mtoto anayebeba tu selimundu, mambo ni tofauti. Utafiti wa Kilifi, Kenya, uliochapishwa 2005, ulionyesha kwamba kila hali peke yake hukinga dhidi ya malaria kali, lakini zikiwa pamoja kinga hiyo karibu hupotea.

Ufanye nini?

- Mpeleke kila mtoto kupimwa, hata anayeonekana mzima.
- Watoto wote walale kwenye chandarua chenye dawa.
- Mwenye selimundu asiachishwe dawa wala kliniki kwa sababu "haugui kama kaka yake".
- Akiwa na homa, weupe wa viganja, tumbo kuvimba upande wa kushoto, kupumua kwa shida au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mwahishe kituo cha afya siku hiyohiyo.