Feni gani?

Katika gereji za Bumala, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, neno feni hubeba vitu viwili. Kuna feni ya rejeta, inayopoza injini, na feni ya ndani, iliyofichwa chini ya dashibodi, inayosukuma hewa ya baridi au ya joto. Dereva akisema tu “feni imekufa”, huenda fundi akafungua boneti ilhali hitilafu iko miguuni pa abiria.

Basi tuseme feni ya ndani, kisha tueleze imekufaje. Ikikataa spidi zote, fundi aanze na fyuzi, afuate rilei, nyaya na mota. Ikizunguka kwa spidi ya juu pekee, mota ni nzima. Mara nyingi rizista ndiyo imeungua, kwa kuwa umeme wa spidi ya juu haupiti humo. Fyuzi ikikatika, iwekwe ya ampea zilezile. Kubwa zaidi yaweza kuunguza nyaya.

Feni hii si anasa. Mvua ikinyesha, ndiyo huondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Dereva aitaje sawasawa, itengenezwe mapema.