Nani Abebe Mzigo wa Utegemezi

Agosti 1993, Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, alitangaza mfumo mpya wa Linux. Aliuita Debian, kwa kuunganisha jina la mchumba wake Debra na lake mwenyewe. Kila programu ingekuja katika kifurushi chake, na kila kifurushi kingetunzwa na mtu wa kujitolea. Hapo ndipo penye kazi: programu ya mmoja huhitaji maktaba inayotunzwa na mwingine, na huenda wawili hao hawajawahi hata kusalimiana.

Jawabu likawa faili fupi ya maandishi, control, ndani ya kila kifurushi. Mstari wa Depends hutaja vifurushi vinavyohitajika, na pengine toleo la chini linalokubalika. Conflicts hutaja visivyokaa pamoja. Wenye ujanja zaidi ni Provides. Exim na Postfix zote hupeleka barua pepe, na kwa kawaida kompyuta haihitaji zote mbili. Basi kila moja hujitangaza kuwa ni mail-transport-agent, kifurushi kisichokuwepo popote, na papo hapo hutangaza kwamba haipatani na mail-transport-agent. Kifurushi hakigombani na nafsi yake, kwa hiyo Postfix na Exim haziwezi kukaa pamoja. Mistari miwili tu, na ugomvi umekwisha.

Kutangaza kulikuwa rahisi. Kutimiza ndiko kulikowatoa watu jasho. Programu ya dpkg, inayosakinisha vifurushi vya Debian, ilijua kukagua, basi. Ikikosa maktaba hulalamika na kumwachia mwenye kompyuta ahangaike. Wenzao wa Red Hat, mfumo mwingine wa Linux, waliopata programu yao ya vifurushi, RPM, mwaka 1995, walitafuta faili moja mtandaoni, wakaipata, nayo ikadai nyingine mbili. Nafuu ilikuja Machi 1999, APT ilipoingia rasmi katika Debian 2.1: amri moja, na vyote vinavyohitajika vinapakuliwa na kusakinishwa kwa mpangilio wake.

Watu wakadhani hesabu imeisha. Mwaka 2006 watafiti wa mradi wa Ulaya ulioitwa EDOS walionyesha kwamba kujua kama kifurushi kinaweza kusakinishwa ni swali la kundi linaloitwa NP-kamili, ambalo hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kulijibu kila mara. Kiini cha ugumu ni hiari ya kuchagua "hiki au kile" ikikutana na Conflicts. Miaka miwili baadaye openSUSE 11.0, mfumo mwingine wa Linux, ilikuja na kikokotoo cha kimantiki cha SAT kwa kazi hiyohiyo.

Debian ilikuwa imeshapita njia nyingine, na pengine ya busara zaidi: mwaka 2000 ilianzisha tawi la testing. Toleo jipya la kifurushi hukaa kwanza katika tawi la unstable kwa siku kadhaa, kisha programu hukagua ghala zima. Likionekana kwamba litavifanya vifurushi vya wengine visisakinishike, halivuki, na anayepaswa kuhangaika ni mtunzaji wake.