Jua la Alasiri kwa Sidi Saiyyed

Mwenye siku moja tu ya kutembea Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat, India, aianzie Bhadra, ngome ya Sultani Ahmad Shah wa Kwanza, aliyeuasisi mji huu mwaka 1411 kando ya mto Sabarmati. Kutoka hapo apite Teen Darwaza, lango la matao matatu lililosongwa na wauza nguo, hadi Msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1424. Humo mna nguzo 260, na michoro yake inaonyesha mkono wa mafundi waliozoea kujenga mahekalu ya Wahindu na Wajaini. Minara iliporomoshwa na tetemeko la 1819. Vimebaki vitako vyake, vimenakshiwa kuanzia chini. Nje ya mlango wa mashariki amezikwa Ahmad Shah mwenyewe, na mbele kidogo wamezikwa malkia, katikati ya soko la nguo za kike.

Msikiti wa Sidi Saiyyed usiuendee asubuhi. Subiri saa kumi.

Ni mdogo, nao umezungukwa na barabara zenye magari pande zote, karibu na Lal Darwaja. Aliyeujenga alikuwa Mhabeshi. Gujarat humwita mtu mwenye asili ya Afrika "Sidi", neno ambalo sisi tunalijua kwa maana ya bwana. Majahazi yaliyoleta Kilwa vitambaa na shanga za bandari ya Khambhat yalirudi na pembe za ndovu na dhahabu; na kupitia bahari hiyohiyo Waafrika walifikishwa Gujarat, wengi wao utumwani. Baadhi wakawa askari, na baadhi ya askari wakawa makamanda wa masultani. Sidi Saiyyed alikuwa mmoja wa watu wa Jhajar Khan, kamanda Mhabeshi. Inaniuma kwamba vitabu vyetu vya shule humsimulia Mwafrika wa bahari ile kama mzigo tu, kana kwamba hakuacha kitu kilichojengwa.

Keti ndani, elekea kibla. India kibla iko magharibi, kwa hiyo jua la alasiri huingia moja kwa moja kupitia madirisha ya mawe yaliyotobolewa. Katika lile linalosifika zaidi umechongwa mti: shina jembamba, matawi yamejipinda na kusokotana na mtende, na kati ya jani na jani jiwe limetolewa hadi mwanga unapenya kama kwenye lesi. Mti huo ndio umekuwa nembo ya chuo cha menejimenti cha mji huu.

Msikiti ulijengwa mwaka 980 wa Hijria, yaani 1572–73, wakati uleule majeshi ya Akbar, mfalme wa Mughal, yalipoitwaa Gujarat na usultani ukaanguka. Dirisha la katikati halina mti. Limezibwa kwa mawe matupu, na wenyeji husema vita viliwakuta mafundi kabla hawajalifikia. Jua likiteremka, kivuli cha mti kinasogea juu ya sakafu polepole, na hapo katikati hapapiti mwanga.