Jina Lililo Ukutani mwa Duka la Dawa

Mtu aingiaye duka la dawa katika soko la Rangwe, Kaunti ya Homa Bay, na atazame ukutani kabla hajatoa fedha. Yapasa aone hati yenye jina la mfamasia. Wengi huipita kana kwamba ni pambo. Kumbe asili ya hati za namna hiyo ni misiba, na mmoja wa misiba hiyo ulitokea Bradford, Uingereza, mwaka 1858.

Mjini humo Joseph Neal alitengeneza peremende, na William Hardaker akiziuza sokoni. Sukari ilikuwa ghali, hivyo Neal alizoea kuichanganya na unga wa jasi. (Udanganyifu huo ulikuwa jambo la kawaida siku zile.) Akatuma mtu kuununua unga huo kwa mwuza dawa, Charles Hodgson. Hodgson alikuwa mgonjwa. Msaidizi wake, asiyevijua vema vitu vya dukani, akachota ratili 12 katika pipa lisilo na maandishi ya kutosha. Mlikuwa na aseniki, sumu kali. Watu wapatao 20 walikufa, na zaidi ya 200 waliugua. Waliokamatwa walishitakiwa, lakini hapana aliyetiwa hatiani.

Ndipo mwaka 1868 bunge la Uingereza likaamuru kwamba sumu zilizotajwa ziuzwe na wale tu wenye majina daftarini, na atakaye kuingia daftarini afanye mtihani kwanza. Chombo nacho kibandikwe jina la kilichomo.

Fikira hiyo ilifika Kenya pamoja na ukoloni. Sheria ya Dawa na Sumu, Sura ya 244, ilianza kutumika mwaka 1957, na Bodi yake ndiyo itunzayo daftari la wafamasia. Hata hivyo, Chuo Kikuu cha Nairobi hakikuanza kuwafundisha hadi mwaka 1974. Kabla yake wengi walisomea ng'ambo.

Basi mgonjwa wa Rangwe afanyeje? Kuiona hati hakutoshi, kwani yaweza kuwa ya mtu aliyehama zamani. Asome jina na namba, aangalie kama leseni ni ya mwaka huu, kisha aulize kwa adabu, "Mwenye jina hili yuko wapi?" Duka lenyewe nalo lina leseni yake, mbali na ile ya mfamasia. Daftari la Bodi husomeka siku hizi kwa simu yenye intaneti; jina lisipoonekana humo, aende hospitali ya serikali iliyo karibu.