Jicho la Kurembua

Nilizaliwa Ng'ambo, kope la kushoto limelala hadi nusu ya jicho. Bibi akafurahi: "Huyu mjukuu wangu ana jicho la kurembua!" Kwetu Unguja jicho legevu ni uzuri, na taarab imelisifu miaka nenda miaka rudi. Basi nani angeona maradhi? Picha zangu zote za utoto nimeinua kidevu, utadhani nina maringo. Kumbe nilikuwa natafuta upenyo wa kuona.

Kila nikipita Mizingani, Mji Mkongwe, husimama mbele ya lile jengo la Zahanati ya Zamani lenye roshani za mbao. Tharia Topan alianza kulijenga mwaka 1887, liwe hospitali ya maskini. Alifariki 1891, na jengo likakamilika 1894. Miaka minne kabla ya ujenzi kuanza, yaani 1883, Mjerumani Oskar Eversbusch alikuwa ameshaeleza namna ya kufupisha msuli unaoinua kope. Na karibu miaka 1,000 iliyopita, Al-Zahrawi wa Andalusia aliandika, kwa Kiarabu wanachokisoma masheikhe wetu, jinsi ya kukata na kushona ngozi ya kope ili nywele za kope zisilichome jicho.

Kwa hiyo elimu ya kope si ya jana. Kwa kope lililolala tangu kuzaliwa, mara nyingi kosa liko kwenye msuli wenyewe, haukukua sawasawa. Ukiwa na nguvu kidogo, daktari huufupisha. Ukiwa hauna kabisa, hulifunga kope kwenye msuli wa paji la uso, pengine kwa utepe uliotolewa pajani kwa mtoto mwenyewe. Kama mboni haikufunikwa, anaweza kusubiri akue kidogo. Ikifunikwa hakuna kusubiri, maana ubongo hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo tu.

Mimi nilipasuliwa nina miaka tisa, huko Bara. Kope likapanda, mama akalia kwa furaha. Nuru haikupanda nalo. Jicho lilikuwa zima, ila ubongo ulishazoea kuishi bila yake.

Bibi simlaumu. Alinipenda kwa lugha aliyokuwa nayo.

Mwezi uliopita dada kanitumia picha ya mwanawe wa miezi mitano. "Mwone mjomba wake mtupu, na maringo yake!" Nikatazama kidevu, kimeinuliwa juu.

Nikampigia hapohapo. Nikamwambia: dada, kesho asubuhi mpeleke kwa daktari wa macho.