TULISHUHUDIA UONGO JUU YA JIRANI?



Leo turudi nyuma kidogo, kwenye kura ya maoni ya Agosti 4, 2010. Makanisa mengi, yetu ya Kipentekoste yakiwemo, yalipinga katiba mpya kwa sababu mbili kubwa: kifungu cha uavyaji mimba na Mahakama za Kadhi.

Kuhusu mimba, tulisema kwa dhamiri. Kuhusu Kadhi, wengi wetu tulihubiri hofu. Tulisema Kenya itageuzwa nchi ya Kiislamu na Mkristo atashtakiwa mbele ya kadhi. Nami nilisema hivyo madhabahuni.

Ukweli ni upi? Mahakama hizo zilikuwepo Pwani kabla ya Uhuru, wakati ukanda wa maili 10 ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Oktoba 1963, ukanda huo ulipokubaliwa kuwa sehemu ya Kenya, serikali iliahidi kuzihifadhi, na katiba ya Uhuru ikaziweka. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, inazipa kesi za ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu, pande zote zikiwa ni Waislamu na zimekubali kesi isikizwe hapo. Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa. Katiba ilipita kwa takriban asilimia 67. Ile Kenya tuliyotishia watu nayo haikuja.

Sisemi hatari haipo. Aprili 2, 2015, Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi, wakiwatenga Wakristo ili wawaue. Tulilia, na bado tunalia.

Lakini Desemba mwaka huohuo, basi lilivamiwa karibu na El Wak, Mandera. Wauaji waliwataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Wengine waliwapa dada zetu hijabu wajifunike. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki. Alikufa kwa ajili ya watu wa kanisa, ilhali sisi tulikuwa tukimtazama mwenye kanzu kwa jicho la shaka.

Kisha ikaja Shakahola, 2023. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu. Kilio chetu wachungaji kilikuwa nini? "Msituhukumu sote kwa sababu ya mmoja!" Wapendwa, hicho ndicho kilio cha jirani yako Mwislamu tangu Garissa. Tukikidai kwetu, tumpe na yeye.

Soma Kutoka 20:16. Amri ya tisa haikusema jirani awe wa dini yako. Soma pia Luka 10, uone Yesu alimchagua nani kuwa mfano wa jirani mwema: mtu wa imani ambayo wasikilizaji wake waliidharau.

Siasa zitapamba moto tena. Mwanasiasa akija kanisani kukuuzia hofu ya Waislamu, muulize ushahidi. Na usisambaze ujumbe ambao hujauhakikisha.

Tuombe: Baba, tusamehe kwa maneno tuliyosema bila kujua. Tulinde dhidi ya wauaji, na utulinde dhidi ya chuki ndani yetu. Katika jina la Yesu, Amina.